Sungura akae wapi nyumbani: huru ndani, kwenye uzio, barazani au banda la nje?

Wengi hununua kizimba kwanza, ndipo waanze kutafuta pa kukiweka. Ni heri kuanza na mahali, kwa sababu mahali ndipo panapoamua ukubwa wa makazi, aina ya sakafu na kazi itakayokusubiri kila asubuhi. Na asubuhi zenyewe ni nyingi: sungura anayetunzwa vizuri huishi miaka 8 hadi 12.

Hapa tunalinganisha makazi manne: sungura anayetembea huru ndani ya nyumba, anayekaa ndani lakini kwenye uzio, anayekaa barazani au kwenye roshani, na anayekaa nje kwenye banda lenye uwanja. Kizimba kidogo cha dukani hatukihesabu kuwa makazi. Kinafaa kumsafirishia, kumpumzisha siku chache baada ya upasuaji, au kuachwa wazi ndani ya uzio kiwe chumba chake cha kulala. Kumfungia humo kutwa kucha kunamdhoofisha mifupa na misuli, na ndiko kunakomfundisha kung'ata vyuma usiku kucha.

Vigezo vya kupimia

Nafasi. Shirika la Uingereza la Rabbit Welfare Association & Fund linapendekeza kwamba sungura wawili wapate eneo moja lisilokatika la mita 3 kwa mita 2, lenye kimo cha mita 1, na walitumie usiku na mchana. Tunasema wawili kwa sababu sungura ni mnyama wa kundi, na jozi inayopatana kwa urahisi zaidi ni dume na jike waliohasiwa wote. Kama huna futi kamba mkononi, pima kwa mwili wake: aweze kuruka mara 3 mfululizo bila kugonga kitu, ajinyooshe kulala ubavu, na asimame kwa miguu ya nyuma bila masikio kugusa dari.

Sakafu. Nyayo za sungura hazina nyama ngumu kama za mbwa au paka. Kinachozikinga ni manyoya tu. Juu ya wavu wa chuma manyoya hayo huisha, ngozi hupata malengelenge, kisha vidonda ambavyo hupona kwa taabu. Vigae na zege laini navyo vina shida yake: miguu inateleza na kuachana, na sungura mwoga huishia kutotembea kabisa.

Joto na hewa. Sungura hutulia vizuri kwenye nyuzi 15 hadi 20 za Selsiasi. Kuanzia 27 uwe macho, na juu ya 30 joto linaweza kumuua, kwani hatoi jasho na hutegemea sana masikio yake kupunguza joto la mwili. Baridi anaivumilia zaidi, mradi pawe pakavu na pasipopuliza upepo. Hewa nzito yenye harufu ya mkojo ni adui wa tatu: amonia huunguza njia za pumzi na kuufungulia mlango ugonjwa wa mafua na vichomi.

Hatari. Ndani ni nyaya za umeme, mimea yenye sumu, milango na miguu ya watu. Nje ni mbwa, paka, nyoka, panya, nzi na mbu.

Usafi. Kazi ni kiasi gani, na je, utaifanya hata siku uliyochoka?

Jicho lako. Kigezo hiki husahauliwa, na sisi tunakipa uzito kuliko vyote. Sungura huficha ugonjwa, maana porini anayeonekana mnyonge ndiye anayeliwa. Dalili ya kwanza huwa ndogo: nyasi hazijaguswa, au punje za kinyesi zimepungua na kuwa ndogo. Akipitisha saa 12 bila kula, huenda tumbo limesimama, na hapo anahitaji daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Makazi mazuri ni yale ambayo utaziona nyasi na kinyesi bila kufunga safari.

1. Huru ndani ya nyumba

Nafasi na sakafu. Hakuna makazi yanayompa nafasi zaidi ya haya. Chumba cha mita 4 kwa 3 tayari ni mara mbili ya kiasi kilichopendekezwa. Palipo na vigae, tandika mazulia yanayoshika sakafu kwenye njia anazopita, hasa mbele ya trei ya choo na pale anaporukia kitu.

Joto na hewa. Ni rahisi kuyadhibiti, mradi chumba kisiwe chini ya paa la bati lisilo na dari. Usimweke jikoni penye moshi.

Hatari. Kazi iko hapa. Meno ya mbele ya sungura hukua maisha yake yote, takriban milimita 2 kwa wiki, hivyo kutafuna si ukorofi. Waya uliotandazwa sakafuni kwake ni kama mzizi uliokingama njiani, na hukatwa kwa mng'ato mmoja. Pitisha nyaya zote ndani ya bomba gumu la plastiki au zipandishe juu ya mita 1. Ziba nyuma ya jokofu, chini ya kochi na kila pengo linaloingiza ngumi yako, kwani kichwa kikipita mwili mara nyingi hufuata. Ondoa mimea ya vyungu usiyoijua. Yungiyungi na oleanda ni sumu, na majani ya mparachichi pia. Kisha zoeza watu wote wa nyumbani kufungua mlango polepole na kutazama chini.

Usafi. Sungura hujifunza choo vizuri, na aliyehasiwa hujifunza upesi zaidi. Anza na eneo dogo, tazama kona anayoichagua, weka trei ya takriban sentimita 50 kwa 40 yenye ubavu mmoja mfupi wa kuingilia. Chini tandika punje za karatasi zilizobanwa au za mbao zilizokaushwa, na upande mmoja jaza nyasi kavu tele, kwa sababu sungura hupenda kula huku anajisaidia. Mchanga wa paka unaogandamana usiutumie: akiumeza huvimba na kuziba utumbo. Akikaa wiki bila kukosea, muongezee chumba. Akianza kukosea, mrudishe kwenye eneo dogo. Kosa la kawaida ni kumpa nyumba nzima siku ya kwanza, kisha kusema hafundishiki.

Jicho lako. Hakuna linalozidi hili. Unamwona alfajiri na jioni, saa anapochangamka, na utajua tabia yake hata kwa namna anavyokimbilia bakuli.

Anayefaa. Mwenye nyumba yake au ruhusa ya mwenye nyumba, asiye na mtoto anayejifunza kutembea wala mbwa mwindaji, na asiyeumia moyo kona ya mlango ikitafunwa.

2. Ndani, kwenye uzio

Nafasi na sakafu. Uzio wa paneli zinazokunjika ndio suluhisho la wengi, lakini upangaji wake ndio unaoleta tofauti. Chukua seti ya paneli 8, kila moja upana wa sentimita 60. Ukizipanga mraba katikati ya chumba unapata mita 1.2 kwa 1.2, yaani mita za mraba 1.44: kidogo mno. Paneli hizohizo 8 ukizifunga kwenye kona ya chumba, kuta mbili zikawa pande mbili, unapata mita 2.4 kwa 2.4, yaani mita za mraba 5.76. Eneo limezidi mara nne bila kununua paneli hata moja. Ukitaka pawe parefu kwa kukimbilia, panga 5 upande mmoja na 3 upande mwingine, upate mita 3 kwa 1.8.

Ncha za uzio zifunge ukutani kwa kulabu. Zikiachwa huru, sungura husukuma kwa pua hadi apate mwanya. Kimo kisipungue sentimita 90, na kwa sungura mkubwa au mrukaji ongeza. Usiweke sanduku lake karibu na ukingo, atalifanya ngazi. Nafasi kati ya vyuma isizidi sentimita 3, na kwa mtoto wa sungura iwe chini ya hapo. Chini tandika linoliamu nzima isiyopitisha mkojo, kingo zake zitokeze nje ya uzio asizitafune, juu yake zulia linalofulika.

Joto na hewa. Kama chaguo la kwanza, ila hapa hawezi kuhama jua likimfuata dirishani. Tazama mwanga unapoangukia mchana kabla ya kuchagua kona.

Hatari. Ndogo kuliko zote nne. Nyaya na mimea viko nje ya uzio, na watu wanajua alipo. Kinachobaki ni ukuta wenyewe: atakwaruza rangi na kutafuna ubao wa chini ya ukuta, basi kinga pande hizo kwa ubao usiopakwa rangi.

Usafi. Trei moja au mbili, nyasi zilizomwagika hufagiliwa kila siku, trei huoshwa kwa maji na siki kidogo kuondoa ukoko mweupe wa mkojo. Kila kitu kiko eneo moja, na hilo ni jambo kubwa kwa mtu anayeamka mapema.

Jicho lako. Zuri sana, mradi uzio uwe sebuleni au chumba kinachotumika, si stoo.

Anayefaa. Mpangaji, mwenye watoto wadogo, na yeyote anayeanza. Sungura bado anahitaji saa kadhaa za kutoka nje ya uzio kila siku ukiwepo, hasa kama eneo liko chini ya mita za mraba 6.

3. Barazani au kwenye roshani

Nafasi na sakafu. Hutegemea ujenzi. Baraza pana hufikia mita 3 kwa 2 bila shida. Roshani nyingi hazifiki. Zege linalokwaruza hula manyoya ya nyayo, hivyo tandika mikeka au zulia la nje, ulitoe na kulianika mara kwa mara.

Joto na hewa. Hewa ni nzuri. Joto ndilo mtego. Zege na ukuta uliopigwa na jua huendelea kutoa joto saa kadhaa baada ya jua kuzama, na sungura yuko chini kabisa, pale joto linapotoka. Weka kivuli juu na pembeni, na kigae cha baridi cha kulalia. Palipo na upepo mkali, ziba upande mmoja kwa ubao, si kwa plastiki inayopigapiga. Kelele hizo humtia hofu usiku.

Hatari. Funga wavu kwenye vyuma vyote vya roshani kuanzia sakafuni, kimo cha mita 1.2 au zaidi, kwa kuwa sungura aliyeshtuka huruka bila kupima. Ndege wawindaji na paka wa jirani huingia kwa juu, kwa hiyo funika na juu pia. Mbu hubeba miksomatosi, ugonjwa wa virusi unaoua sungura, na wavu wa mbu jioni husaidia.

Usafi. Mkojo ukitiririka hadi kwa jirani wa chini, ugomvi umeshaanza. Tumia trei yenye kingo ndefu na uziache njia za maji wazi.

Jicho lako. La kati. Mlango wa vioo hukuwezesha kumwona. Mlango wa mbao humficha.

Anayefaa. Mwenye baraza lenye kivuli cha mchana kutwa, anayeweza kumwingiza ndani siku za joto kali. Pasipo na uwezekano wa kumwingiza, tusingelichagua.

4. Banda la nje lenye uwanja

Nafasi na sakafu. Hapa sungura hupata kuchimba, kuchungulia, kuota jua na kula nyasi mbichi, na hilo lina thamani yake. Ila banda na uwanja viungane, mlango kati yake uwe wazi muda wote. Banda peke yake, hata zuri namna gani, humfunga saa zilezile anazotaka kukimbia: alfajiri na magharibi. Likiwa limeinuliwa, ngazi yake iwe ya mteremko wa pole yenye vijiti vya kukanyagia. Sakafu ya ndani iwe mbao zisizo na dawa, juu yake karatasi, maranda yasiyo na vumbi wala harufu kali, na nyasi kavu za sentimita 5 hadi 10.

Joto na hewa. Usichague mahali asubuhi. Nenda saa 8 mchana uone kivuli kiko wapi. Bati likiwekwa peke yake hugeuza banda kuwa tanuri. Acha nafasi ya hewa ya sentimita 10 hivi kati ya bati na dari ya ubao, na ukingo wa paa utokeze sentimita 30 kuzuia mvua ya upepo. Matundu ya hewa yawe juu, chini ya paa, pande mbili zinazotazamana, ili amonia itoke bila upepo kumpiga mgongoni. Siku ya joto kali, chupa ya maji iliyogandishwa na kufungwa kitambaa humpa pa kuegemea. Maji yawe mawili, bakuli zito na chupa, kwa sababu sungura wa kilo 2 anaweza kunywa hadi mililita 300 kwa siku, na zaidi penye joto.

Hatari. Wavu wa kuku huzuia kuku asitoke. Haumzuii mbwa asiingie. Anauchana kwa meno. Tumia wavu uliochomelewa wenye matundu ya milimita 13 na waya wa takriban milimita 1.6, uukaze kwa skrubu na washa (pete bapa za chuma) kila sentimita 15, kwa kuwa pini za kupigilia hung'oka zikivutwa. Matundu hayo madogo pia humnyima panya njia na huwazuia nyoka wengi. Chini, kunja wavu kwa umbo la L ulale nje sentimita 45 hadi 60 na kufunikwa udongo: mnyama anayechimba huanzia pembeni kabisa ya ukuta, na hapo anakutana na waya. Upande wa ndani sungura naye huchimba, basi sakafu ya uwanja itandikwe wavu huohuo, ifukiwe udongo na nyasi vya kutosha nyayo zisiuguse. Kila mlango uwe na makomeo mawili. Komeo moja la kuzungusha hulegea lenyewe.

Kisha nzi. Manyoya yaliyolowa mkojo au kinyesi laini chini ya mkia huwavuta kutaga, na mayai huanguliwa ndani ya saa 24. Funza hula ngozi ya sungura angali hai. Majira ya joto mgeuze na kumtazama chini ya mkia mara 2 kwa siku, si kwa jicho la mbali bali kwa vidole. Ukiona funza, ni dharura ya daktari. Muulize daktari huyo kuhusu chanjo ya miksomatosi na ya ugonjwa wa sungura wa kutoka damu. Aina ya pili ya virusi vya ugonjwa huo ilionekana Ufaransa mwaka 2010 na imesambaa hadi mabara mengine. Sungura wa ndani naye si salama kabisa, kwani virusi hivyo hufika kwa viatu na kwa majani yaliyokatwa porini.

Usafi. Pembe ya mkojo husafishwa kila siku, banda zima mara 1 kwa wiki. Mvua haikupi ruhusa ya kuruka siku.

Jicho lako. Dhaifu kuliko yote, na hii ndiyo kasoro ya banda inayotuhuzunisha zaidi. Miezi ya kwanza kila mtu hutoka kumwona. Baadaye anabaki na mtu mmoja anayerusha majani na kuondoka. Sungura aliyeacha kula usiku hugunduliwa jioni ya pili. Dawa yake ni kuliweka banda kwenye njia unayopita kila siku, karibu na kamba ya kuanikia au mlango wa jikoni, na kuwa na sungura wawili bila mjadala.

Anayefaa. Mwenye uwanja wenye kivuli na ukuta, fedha au ufundi wa kujenga sawasawa, na mazoea ya kutoka nje asubuhi na jioni mvua inyeshe isinyeshe.

Kwa hali yako

Ukikaa chumba kimoja cha kupanga, anza na uzio wa kona. Hautoboi ukuta sana, na ukihama unaukunja.

Ukiwa nje ya nyumba kutwa, usimwache huru mpaka umemwona miezi kadhaa bila makosa. Uzio mchana, uhuru jioni ukirudi: mpangilio huu unaoana na saa zake, kwani mchana wa kati hulala.

Ukiwa na mtoto chini ya miaka 5, uzio tena, kwa ajili ya wote wawili. Mtoto humwinua vibaya, sungura hupiga mateke, na uti wa mgongo wake unaweza kuvunjika kwa teke lake mwenyewe.

Mkoani kwako kukiwa na joto la nyuzi 30 kwa wiki nzima, ndani ndiko pa kuanzia kufikiri. Banda la nje litumike saa za baridi tu, alfajiri na jioni, sungura akilala ndani. Kinyume chake, penye baridi kali, usimtoe ghafla kutoka sebule yenye joto kwenda banda la nje. Mhamishe majira ambayo joto la ndani na la nje limekaribiana, ili manyoya yake yapate muda wa kunenepa.

Kama tayari una dume na jike ambao hawajahasiwa, swali la mahali lisubiri. Watenganishe leo, wapeleke kwa daktari, na ukumbuke kwamba dume aliyehasiwa anaweza kutia mimba hadi wiki 4 au 6 baadaye. Uzio wa paneli hugawanywa katikati kwa urahisi kipindi hicho, wakionana bila kugusana.

Ukibaki na sehemu mbili usizoweza kuamua kati yake, weka kipimajoto sakafuni katika kila moja, si mezani, kwa siku 3. Soma saa 8 mchana na saa 11 alfajiri, na siku hizohizo hesabu ni mara ngapi ulipita hapo bila kukusudia.